Kwa nini nilihamia SDI: konvata na monita ninazobeba lokesheni Moshi na Arusha

Tulikuwa Kibosho, ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, tukimrekodi mzee mmoja akisimulia habari za mfongo, ule mfereji wa asili unaoteremsha maji ya mlimani hadi kwenye migomba na kahawa. Alianza kwa kusitasita, kama wazee wengi wanapobandikwa maiki kifuani. Baada ya robo saa akaisahau kamera. Akafika pale alipopewa na baba yake zamu ya kwanza ya kwenda kufungulia maji alfajiri, angali mtoto. Sauti ikabadilika. Hapo hapo monita ya dairekta ikawa nyeusi.

Dairekta, ambaye hakuwa akiona chochote, akasema "kata". Kumbe kamera ilikuwa inarekodi vizuri kabisa. Kilichoachia ni plagi ya micro HDMI ubavuni mwa kamera, ikivutwa taratibu na uzito wa kebo ya mita 5. Tulimwomba mzee arudie. "Haya, wanangu," akasema, akarudia kwa uungwana wote, karibu kwa maneno yale yale. Lakini ile sauti ya kwanza haikurudi, na hatuna namna ya kuipata tena.

Mimi ndiye nilikuwa msaidizi wa kamera siku ile, na kebo ile niliichomeka mimi. Tangu hapo imepita miaka miwili kasoro, na sehemu kubwa ya posho zangu imekwenda kwenye jambo hili moja: picha itoke kwenye kamera ifike kwenye macho ya dairekta na ya mtu wa fokasi bila kukatika, na ikifika isiwadanganye.

Tuanze na plagi yenyewe. HDMI, ile njia ya kupeleka picha na sauti kwa kebo moja, ilibuniwa kwa ajili ya televisheni za sebuleni, toleo lake la kwanza likatoka mwaka 2002. Sebuleni kebo ikishachomekwa hakuna anayeigusa. Haina komeo, inashikwa na msuguano tu, na kadiri plagi inavyokuwa ndogo ndivyo msuguano unavyopungua. Kamera nyingi zinazozunguka mikononi mwetu huku, kama Sony A7 III au Canon R6, zina ile micro, tundu dogo kabisa. Ukiwa na Sony A7S III au FX3 una nafuu, kwa sababu hizo zina tundu la ukubwa kamili, ingawa nalo halina komeo. SDI, njia ya kupitisha picha inayotumika studio na kwenye kamera za kitaalamu, ni habari nyingine. Ni waya mmoja wa koaksia wenye kichwa cha BNC, unakisukuma, unakizungusha kidogo, kinakaza. Mtu akijikwaa kwenye kebo, kichwa kinabaki mahali pake. Ile iitwayo 3G-SDI hubeba gigabiti 2.97 kwa sekunde, ambazo zinatosha picha ya 1080p hadi fremu 60 kwa sekunde, na kwa kebo nzuri unavuka makumi ya mita bila wasiwasi. Shida ni kwamba kamera zetu hazina tundu hilo. Ndipo inapoingia konvata, kiboksi kinachogeuza HDMI kuwa SDI.

Nilinunua vibaya mara mbili. Mara ya kwanza dukani Arusha niliomba "konvata ya HDMI" nikapewa kile kiboksi cheupe cha kuunganishia televisheni ya zamani, chenye matundu matatu ya rangi. Hicho kinatoa picha ya analogi, hakihusiani na SDI hata kidogo. Mara ya pili niliagiza ya SDI kweli, lakini ya upande usio wangu: ilipokea SDI na kutoa HDMI, wakati mimi nilihitaji kinyume chake. Maneno kwenye boksi yanafanana sana na mshale wa kuonyesha upande ni mdogo. Soma jina kuanzia kushoto: kinachotajwa kwanza ndicho kinachoingia.

Ninayoitumia sasa ni Blackmagic Micro Converter BiDirectional SDI/HDMI 3G. Ilinifaa kwa sababu inafanya kazi pande zote mbili kwa wakati mmoja: HDMI ikiingia SDI inatoka, na SDI ikiingia HDMI inatoka. Ninazo mbili zinazofanana. Moja inakaa kwenye kamera, ya pili inakaa mwisho wa kebo pale monita inapokuwa ya HDMI tu. Asubuhi nikiwa nusu usingizini sihitaji kujiuliza ipi ni ipi. Ina ukubwa wa kutoshea kiganjani na bodi ya chuma, naifunga kwa velkro kwenye keji, ile fremu ya chuma inayoizunguka kamera. Ukiiagiza kutoka nje, weka kwenye hesabu usafirishaji na VAT ya asilimia 18 kabla hujafurahia bei.

Lakini konvata peke yake isingemwokoa yule mzee, kwa kuwa micro HDMI bado ipo pale ubavuni. Kinachookoa ni kipande cha HDMI cha sentimita 30 kutoka kamera hadi konvata, kilichobanwa kwenye keji kwa kibano kiasi kwamba hakisogei hata ukikivuta. Mvuto wote wa kebo ndefu unaishia kwenye BNC. Kibano kile ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote ninavyovitaja hapa, na kama una fedha ya kitu kimoja tu leo, nunua hicho.

Mambo yaliyonisumbua mwanzoni nayaandika ili yasikusumbue wewe. Konvata ya 3G haipitishi 4K. Ukiiacha kamera itoe 4K kwenye HDMI, skrini inabaki nyeusi na utalaumu kebo bure. Ingia kwenye menyu, chagua 1080p kwa picha inayotoka. Kamera nyingi zitaendelea kurekodi 4K kwenye kadi. Pili, konvata hizi hula umeme wa volti 5 wa USB, kwa hiyo pawabenki inatosha. Ila zipo pawabenki zinazojizima zenyewe zikiona kinachonyonywa ni kidogo mno, na konvata hunyonya kidogo. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ikizima kila baada ya muda mfupi, nami nikadhani kifaa kimekufa. Ijaribu nyumbani kwa saa nzima kabla hujaipeleka kazini. Tatu, kompyuta na ving'amuzi huweka ulinzi wa HDCP, wa kuzuia kunakili, kwenye filamu na vipindi vya kulipia, na konvata ya SDI itakataa kupitisha. Ukitaka kuwaonyesha wateja filamu kutoka kwenye kompyuta na ukaona weusi, sababu huwa ni hiyo.

Kebo nilitengenezewa Moshi, na fundi wa kamera za ulinzi. Watu hawa tunapishana nao kila siku bila kujua kwamba wana vifaa vyetu: CCTV za waya wa koaksia hutumia BNC hiyo hiyo, na koleo la kubania vichwa wanalo. "Unataka mita ngapi, dada?" Nikamwambia 20, ila waya uwe wa omu 75, wenye wavu wa shaba uliosokotwa vizuri, na vichwa viwe vya kubana, si vya kukaza kwa skrubu. RG59 au RG6 ni sawa. RG6 ndiyo jamii ya waya unaoshuka kutoka kwenye dishi. Usikubali RG58, ile ya redio za mawasiliano. Kwa macho zinafanana, lakini hiyo ni ya omu 50, na mawimbi ya picha yanarudishwa nyuma yanapokutana na tofauti hiyo. Kwa mita 2 huenda usione kitu. Kwa mita 20 picha inaanza kutoa vinukta vyeupe, kisha inakatika.

Kuna kanuni moja ambayo sikuijua mpaka msaidizi mmoja mzoefu aliponishika mkono pale Usa River nikiwa naunganisha vifaa. "Mdogo wangu, umeme kwanza, SDI mwisho. Ukifungua, SDI kwanza, umeme mwisho." ARRI wenyewe, watengenezaji wa kamera za sinema, wanasisitiza hivyo kwa kamera zao. Monita na kamera zikila betri moja kubwa kupitia waya wa D-Tap, ukatangulia kuchomeka BNC, mkondo unaweza kurudi kupitia wavu wa nje wa kebo ya picha badala ya waya wa umeme na kuunguza tundu la SDI la kamera. Kutengeneza tundu hilo ni kupeleka kamera nchi za watu. Sasa hivi naifanya bila kufikiri, na kila kijana anayekuja kunisaidia ndilo jambo la kwanza ninalomfundisha.

Sasa monita. Nilianza na ya inchi 5.5 yenye mwangaza wa niti 500 (niti ndicho kipimo cha mwangaza wa skrini), nikaridhika nayo ndani ya nyumba. Tulipoipeleka Boma Ng'ombe saa sita mchana mwezi wa Januari, dairekta aliona uso wake tu kwenye kioo. Tuko nyuzi kama 3 kusini mwa ikweta. Jua letu halina pembeni pa kujificha. Tulimfunika kwa kanga, baadaye kwa shuka, akawa anachungulia humo kama mpiga picha wa zamani, jasho likimtiririka, huku mhusika aliyekuwa mbele yake akingoja. Hiyo siyo namna ya kuongoza watu. Nje kwetu mimi siteremki tena chini ya niti 1000, na nikipata 2000 na zaidi nashukuru. Ninayobeba sasa ni Feelworld LUT7S ya inchi 7, niti 2200, yenye matundu ya HDMI na SDI. Atomos Shinobi ya inchi 5.2 na niti 1000 niliwahi kuazimwa kwa wiki moja, na kwa mtu anayefanya kazi peke yake, kamera mkononi, ningeichagua hiyo kwa wepesi wake. Portkeys BM5 III ni ya inchi 5.5 na niti 2200, nayo ina SDI. Ipo kwenye orodha yangu.

Mwangaza huo unalipiwa kwa betri. Betri ya NP-F970 ina takriban saa-wati 47, na monita angavu sana huweza kuimaliza ndani ya saa chache. Nabeba nne na chaja ya gari. Angalia pia kama monita yako inageuza mawimbi. Zipo ambazo zikipokea SDI hutoa SDI tu, na HDMI kwa HDMI. Usitegemee iwe konvata kama haijaandikwa wazi.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi. Monita ndiyo inayoamua ngozi za watu wetu zitaonekanaje. Chini ya migomba kuna kivuli kizito, nyuma yake mbingu nyeupe, na mbele amekaa mama mweusi wa kupendeza. Ukiangalia skrini iliyopandishwa mwangaza hadi mwisho, utaona uso unang'aa vizuri, utabana tundu la lenzi kupunguza mwanga, na ukifika nyumbani uso ni giza tupu lenye chengachenga. Kwa hiyo siamini jicho. Nawasha rangi bandia za kupimia mwanga, zile zinazopaka kila kiwango rangi yake, na napima uso wenyewe, siyo fremu nzima. Ile zebra ya asilimia 70, mistari inayotokea kwenye skrini mwanga ukifika kiwango hicho, tunayoikuta kwenye mafunzo mengi ilizoeleka kwa ngozi nyeupe. Ukiilazimisha kwenye uso mweusi unaupausha, unapoteza ule mng'ao wa paji la uso na shavuni. Mimi huacha ngozi nyeusi ikae kati ya asilimia 40 na 55 hivi, na mng'ao wake upande zaidi ya hapo wenyewe. Nilipoanza kufanya hivi, wenye sura zao wakaanza kujitambua kwenye picha. Monita isiyo na kipimo hiki siinunui hata iwe na niti 3000.

Niliwahi kujaribu kuachana na kebo. Vifaa kama Hollyland Mars 400S, ambavyo vina HDMI na SDI, ni vizuri barabarani au ukumbini. Kihambani hali ilikuwa tofauti: mawimbi ya gigahezi 5 hayapendi maji, na mgomba ni maji matupu kuanzia shina hadi jani. Hatua thelathini tu ndani ya migomba picha ikaanza kugandaganda. Kebo ya fundi wa Moshi haikujali.

Kwa wanaofanya harusi na ibada za moja kwa moja Arusha mjini, tatizo lenu litakuwa lingine. Kamera mbili zikiwa moja imepangwa fremu 25 kwa sekunde na nyingine 29.97, monita inazipokea zote bila neno, lakini mikisa, ile ya kuchagulia picha ya kamera ipi iende hewani, inaweza kukataa moja. Konvata ndogo niliyoitaja haibadilishi kasi ya fremu. Kinachofanya hivyo ni kifaa kama Decimator MD-HX, chenye kioo na vitufe vyake chenyewe, nami hukikodi siku ninapokihitaji. Nafuu zaidi ni kupanga kamera zote 25 tangu nyumbani. Umeme wetu ni hezi 50, na taa za ukumbi nazo hazitachezacheza kwenye picha.

Mwezi uliopita tulirudi Kibosho kwa kazi nyingine, dada wetu dairekta akakaa mita 20 kutoka kwenye kamera, nyuma ya banda la ng'ombe, ili anayehojiwa asimwone. Mahojiano yalikwenda dakika 52 bila mtu yeyote kugusa kebo. Kebo ya pili, ya mita 30, nimeshaiagiza kwa fundi yule yule.