Kichanga wakati wa korona: kliniki au mhudumu wa afya wa jamii aje nyumbani?

Hili swali kina mama wa Ujiji na Mwanga, Kigoma, tuliulizana sana 2020. Kwa gharama nyumbani kunashinda, hulipi boda wala hukai benchi moja na wanaokohoa. Ila chanjo jamani! BCG (ya kifua kikuu) na matone ya polio ya kuzaliwa, halafu zile za wiki ya 6, 10 na 14, mhudumu wa jamii habebi kwenye begi, yeye anaangalia kitovu, kunyonya, macho kama yana unjano, basi. Na mvua ikinyesha haji (wa kwetu alikuja mara moja tu).

Unaishi mbali na mtoto ananyonya vizuri? Mhudumu aanze, tarehe ya chanjo vaa barakoa uende. Ila kama ni njiti, ana homa au kagoma kunyonya, usimsubiri mtu, panda boda.