Kadi na vocha za mgahawa zenye punguzo: ipi inunuliwe kwanza na ipi iachwe dukani

Ukipewa kuchagua kati ya cheti cha mgahawa (karatasi au namba unayoinunua ili upunguziwe bili) kinachojisifu "okoa asilimia 60" na kadi ya zawadi inayosema "okoa asilimia 20" tu, usikimbilie namba kubwa. Mara nyingi kadi ya 20 ndiyo itakayokuachia pesa zaidi. Tofauti inaletwa na hatua ya bili ambapo kila kimoja kinaingia.

Kadi ya zawadi, yaani kadi yenye salio lililolipiwa kabla, ni malipo. Inaingizwa mwisho kabisa, bili ikishajumlishwa, kama vile umetoa noti. Ndiyo maana inafanya kazi siku yoyote, kwa chakula na kinywaji, hata kama tayari umekula kwa bei ya ofa ya mchana. Cheti na vocha ya ofa ni punguzo. Vinaingizwa kabla bili haijafungwa, na punguzo huja na masharti: kima cha chini cha bili, siku zinazokubaliwa, kimoja kwa meza, hakichanganywi na ofa nyingine. Mpangilio ulio hapa chini umefuata tofauti hiyo. Hesabu zote zimewekwa kwa namba tupu, uzisome kwa sarafu yoyote unayotumia.

1. Kadi za zawadi kwenye maduka ya jumla ya wanachama

Hizi tunaziweka za kwanza bila kusita. Duka linanunua kadi nyingi kwa mkupuo kutoka kwa kampuni ya migahawa, linaziuza chini ya thamani yake, na punguzo la kawaida ni kati ya asilimia 15 na 25. Kadi ya 100 unaipata kwa 80, na ukifika mezani ni 100 kamili. Hakuna anayekuuliza umeinunulia wapi.

Gharama iliyojificha ni ada ya uanachama. Ikiwa ada ya mwaka ni 60 na kila kadi inakuokolea 20, kadi tatu za kwanza zinarudisha ada tu. Faida inaanzia ya nne. Kwa mtu ambaye tayari ni mwanachama kwa ajili ya unga na sabuni hili halina uzito. Kwa mtu anayetaka kujiunga kwa ajili ya kadi peke yake, lina uzito mkubwa.

Pakiti hizi mara nyingi huwa na kadi mbili za 50 au nne za 25. Nne za 25 ni bora, kwa sababu unaweza kumgawia mtu moja, na ikipotea moja hujapoteza zote.

2. Bonasi ya msimu wa sikukuu kutoka kwa mgahawa wenyewe

Kuelekea mwisho wa mwaka, migahawa mingi hutoa ofa ya aina hii: nunua kadi ya 50, upate bonasi ya 10. Wengi huisoma kama asilimia 20. Sivyo. Umelipa 50 ukapata chakula cha 60, kwa hiyo umeokoa 10 katika 60, yaani asilimia 16.7. Na hiyo ni ikiwa bonasi utaitumia.

Bonasi ndiyo sehemu inayopotea. Kadi yenyewe inaishi miaka, lakini bonasi kwa kawaida ina dirisha fupi, mara nyingi linaanza mwaka mpya na kufungwa baada ya wiki chache, na haitumiki siku ile ile uliyonunua kadi. Zingine zinaruhusu moja tu kwa ziara moja: aliyenunua kadi tano akapata bonasi tano anatakiwa aende mara tano ndani ya dirisha hilo. Kabla ya kulipa, hesabu ni mara ngapi kweli utakula hapo katika wiki hizo. Ukipata mbili, nunua za bonasi mbili.

Faida yake kubwa ni usalama. Unanunua kwa mwenye mgahawa mwenyewe, na namba ya kadi haijapita kwa mtu mwingine yeyote.

3. Kadi za mitumba

Kuna masoko ya mtandaoni ambako watu huuza kadi walizopewa na hawazihitaji. Punguzo linafuata mahitaji: kadi ya mgahawa maarufu wenye matawi kila kona inaweza kushuka asilimia 5 hadi 10 tu, na ya mgahawa usiojulikana sana ikafika 20 au zaidi. Hakuna duka la kujiunga, hakuna msimu wa kusubiri. Tatizo ni moja, nalo ni kubwa: aliyekuuzia anaweza kuwa bado ana namba.

Kadi ni namba na namba ya siri, basi. Muuzaji asiye mwaminifu anakuuzia leo, kesho anakula kwa salio lile lile. Soko zuri hutoa dhamana ya kurudishiwa pesa, lakini soma dhamana inaanza kuhesabiwa lini. Kwa kawaida ni siku ya ununuzi, si siku ya kula. Kadi ya mitumba inayokaa kwenye droo miezi sita inaweza kutoka nje ya dhamana kabla hujaigusa.

Kwa hiyo mitumba hainunuliwi ya akiba. Inunue siku mbili tatu kabla ya kwenda kula, kwa kiasi kinachokaribia bili unayotarajia. Usiiache hadi saa ya kwenda kula, maana akaunti mpya mara nyingi huzuiwa kwanza kwa ukaguzi na namba ikachelewa. Ikifika, angalia salio papo hapo kwenye tovuti ya mgahawa, si kwenye tovuti ya muuzaji, na uhifadhi picha ya skrini yenye tarehe. Angalia tena ukiwa mlangoni. Salio likiwa pungufu, hiyo picha ndiyo utakayoipeleka kudai.

Kadi za plastiki zinazoning'inia dukani nazo zina hatari inayofanana. Wezi huchukua kadi ambayo haijanunuliwa, wanakwangua sehemu ya siri kama mtu anayekwangua vocha ya simu, wananakili namba, kisha wanabandika utepe mpya na kuirudisha mahali pake. Wewe ukiilipia, inawashwa, nao wanaimaliza. Pitisha kidole juu ya utepe: ukihisi ukingo ulioinuka, mikwaruzo, au ukiona bahasha yake ya karatasi imefunguliwa na kugandishwa tena, iache. Chukua ya nyuma ya fungu, si ya mbele. Risiti iwekwe hadi salio liishe, kwa sababu ndiyo inayothibitisha kadi iliwashwa lini na kwa kiasi gani.

4. Vyeti vyenye kima cha chini cha bili

Hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu, na ndipo wengi wanapoumia.

Mfano wa kawaida: cheti cha 25 kinauzwa kwa 10, kwa sharti kwamba bili ifike 50. Tangazo linasema asilimia 60. Hiyo ni asilimia ya bei ya cheti, si ya chakula. Ukila cha 50 kamili, unatoa cheti, unalipa 25, ukijumlisha 10 ya cheti jumla ni 35. Umeokoa 15 katika 50, asilimia 30. Bado ni nzuri, inaipita kadi ya asilimia 20.

Lakini akiba ya cheti haikui. Ni 15, ule cha 50 au cha 120. Bili ya 60, 15 hiyo ni asilimia 25. Bili ya 75, asilimia 20, sawasawa na kadi. Bili ya 100, asilimia 15, na kadi imeshakipita kwa 5 nzima. Cheti hiki basi kina ukanda wake: kati ya 50 na 75 kinashinda, juu ya hapo kadi inashinda.

Na chini ya 50? Chukua wawili ambao kwa kawaida hula cha 40. Ili kufikisha kima wanaongeza kitindamlo na soda, bili inafika 50, wanatoa jumla ya 35. Wameokoa 5 kulinganisha na 40 yao ya siku zote. Kwa kadi ya asilimia 20 wangekula cha 40 walichokitaka na kulipa 32. Ambao kwa kawaida hula cha 35 hawajaokoa hata senti. Wamepata kitindamlo tu. Hilo si baya ukikipenda, ila lisiitwe akiba.

Mambo matatu ya kusoma kwenye masharti kabla ya kulipa. Kwanza, kima cha chini kinahesabiwa juu ya nini? Vingi hutoa nje pombe, kodi na bakshishi, kwa hiyo bili ya 55 yenye pombe ya 12 haijafika 50. Pili, siku: Ijumaa na Jumamosi jioni mara nyingi hazimo. Tatu, bakshishi au ada ya huduma. Baadhi ya migahawa huikata moja kwa moja kwa anayetumia cheti, na huikata juu ya bili nzima kabla ya punguzo. Asilimia 18 ya 50 ni 9. Kama kwa kawaida ungeacha 5, akiba yako ya 15 imebaki 11.

Pale ambapo bakshishi ni desturi, iache kwa bili nzima hata bila kulazimishwa. Mhudumu amebeba sahani za 50, si za 25.

5. Vocha za ofa za mtandaoni

Hizi ni zile zilizoenezwa na kampuni ya Groupon, iliyoanzishwa Chicago, Marekani, mwaka 2008: lipa 20, kula cha 40. Asilimia 50 ya kweli hupatikana, na kwa mgahawa mmoja usio na matawi hakuna njia nyingine inayofikia hapo. Tumeziweka mwisho kwa sababu zinaharibika haraka. Thamani ya ofa ina tarehe, kiasi chote hutumika kwa mara moja bila chenji, na mgahawa unaotoa nusu bei kwa wageni wapya mara nyingine unafanya hivyo kwa sababu unahangaika kutafuta pesa. Soma maoni ya wiki za karibuni, si nyota za jumla. Ukiona watu wanalalamika kwamba vocha zimekataliwa, pita.

Vocha ikiisha muda, usiitupe. Kampuni nyingi hutenganisha kiasi ulicholipa na thamani ya ofa. Ya ofa inakufa, lakini ile 20 uliyotoa inaweza kuwa bado ina nguvu kama salio.

Muda wa kuisha, na mgahawa unapofungwa

Sheria zinatofautiana. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2009, fedha za kadi ya zawadi haziwezi kuisha muda kabla ya miaka 5. Ireland pia ni miaka 5, tangu Desemba 2019. Australia ni miaka 3, tangu Novemba mwaka huo huo. Lakini kinga hiyo ni ya fedha zilizolipwa. Bonasi na vocha za promosheni kwa Marekani na Australia ziko nje yake. Ndiyo maana kadi na bonasi yake, zilizotoka kwenye bahasha moja, zinaweza kuwa na tarehe mbili tofauti kabisa.

Sheria haisaidii sana mgahawa ukifilisika. Mwenye kadi anakuwa mdai asiye na dhamana, nyuma ya benki na wengine wengi. Usishike zaidi ya utakachokula ndani ya miezi mitatu. Punguzo la ghafla na kubwa kupita kawaida, huku matawi yakifungwa moja baada ya jingine, ni dalili ya kutumia salio lako wiki hiyo hiyo, si ya kununua zaidi. Lipa kwa kadi ya benki, si kwa kutuma pesa taslimu: benki nyingi zina utaratibu wa kupinga muamala, kwa kawaida ndani ya siku 120.

Mezani

Cheti au vocha ionyeshwe kabla ya kuagiza. Bili ikishafungwa, mhudumu mara nyingi analazimika kumwita meneja aifungue upya, na hapo ndipo unapoambiwa "leo haitumiki" ukiwa umeshakula. Kadi inaweza kusubiri mwisho, ila uliza mapema kama tawi hilo linaikubali. Matawi ya viwanja vya ndege na yale yanayoendeshwa kwa leseni na wafanyabiashara wengine mara nyingi hayaipokei. Programu za kuletewa chakula nazo kwa kawaida hazipokei kadi ya mgahawa; agiza kwenye tovuti ya mgahawa wenyewe, ukachukue.

Bakshishi iwe na pesa yake pembeni, kwani kuna mashine zisizoruhusu kuitoa kwenye kadi ya zawadi. Na kama kadi imebaki na 3 na senti zake, mwambie mhudumu aanze kuimaliza hiyo, kisha alipishe kilichobaki kwa njia nyingine. Akianza na kadi ya benki, bili itafungwa na zile 3 utarudi nazo nyumbani.