Mita ndogo za tokeni kwenye ploti yetu: zinapima vizuri, lakini angalia bei

Mimi huuza barafu za watoto na maji baridi hapa Manyatta, Kisumu, kwa hivyo friji yangu haizimwi. Zamani vyumba sita tulitumia mita moja na kuchanga sawasawa. Tokeni zikiisha mapema, lawama zilikuja kwangu: "Mama, hiyo friji yako ndiyo inatumaliza." Aliyepikia koili usiku hakutajwa.

Tangu mwenye ploti afunge mita ndogo kila chumba, ugomvi huo umekwisha. Unalipa kwa M-Pesa, tarakimu 20 zinaingia kwenye simu, unabonyeza, stima inarudi. Zangu zikiisha, giza ni langu peke yangu. Kwa upimaji naipa alama zote.

Bei ndiyo inayoniuma, na hapa wapangaji wenzangu wasome polepole. Kampuni ya umeme haizijui mita hizi ndogo. Kwake ploti nzima ni mteja mmoja. Katika bei zilizoanza Aprili 2023, nyumba yenye wastani wa yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi ilipangiwa shilingi 12.22 kwa yuniti, hadi 100 ni shilingi 16.30, na ikipita 100 ni 20.97, yote kabla ya kodi na tozo. Sasa vyumba sita vikitumia yuniti 25 kila kimoja, mita kuu inasoma 150. Kila mmoja wetu anastahili bei ya chini kabisa, na sote tunalipa ya juu kabisa! Kwa bei hizo za 2023, yuniti 25 zilikuwa kama shilingi 219 zaidi kila mwezi, kabla ya kodi ya serikali na tozo. Kwa jirani anayefulia watu nguo, huo ni unga wa watoto.

Halafu risiti. Ya mita kuu huonyesha gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo ya umeme vijijini na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Gharama ya mafuta hupanda na kushuka, kwa sababu stima yetu si mvuke wa Olkaria na maji ya Sondu Miriu pekee. Mitambo ya kuchoma mafuta huwashwa pia, na mafuta hayo tunayalipia sisi watumiaji. Risiti ya mita ndogo ina yuniti na pesa tu. Bei anaiweka mwenye ploti, kisha muuzaji wa tokeni anakata ada yake. Mafuta yakishuka, mpangaji atajuaje?

Mwenye ploti wetu amekubali kutuonyesha risiti ya mita kuu kila mwisho wa mwezi, na namshukuru kwa dhati. Ukihamia ploti yenye mita hizi, uliza bei ya yuniti kabla ya kulipa dipoziti, na uombe kuona risiti kuu ya mwezi uliopita. Mwenye ploti akiwa tayari kuomba mita kamili ya kampuni ya umeme kwa kila chumba, mchangieni.