Maskati au Dubai: uende wapi ukiwa na siku nne tu?

Miji yote miwili inafikika kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, saa zao zimetutangulia kwa saa moja tu, na plagi ni zilezile zetu za pini tatu. Baada ya hapo, kila mmoja na dunia yake. Mimi naiweka Maskati mbele, kwa sharti moja: uwe hufuati mzigo.

1. Maskati

Hapa hakuna mashindano ya maghorofa. Nyumba ni nyeupe na fupi, zimebanwa kati ya milima mikavu na bahari. Asubuhi anza na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Wageni wasio Waislamu hupokelewa saa 2 hadi saa 5 asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Mwanamke abebe mtandio na avae nguo ndefu, la sivyo ataishia getini.

Soko la Mutrah liache hadi jioni, kwa sababu maduka mengi hufungwa adhuhuri. Ukitaka ubani, ulizia wa aina ya Hojari na utazame punje zenyewe: zile nyeupe zenye ukijani kwa mbali, zinazopitisha mwanga, ndizo ghali. Za kahawia zilizochanganyika na maganda zisikutoe pesa nyingi. Omba upunguziwe, ndivyo soko lilivyo, ila usimsengenye muuzaji kwa Kiswahili ukidhani haelewi. Waomani wenye asili ya Unguja na Pemba ni wengi, na yule mzee aliyenyamaza nyuma ya meza anaweza kukujibu kwa lafudhi ya Mji Mkongwe iliyo safi kuliko yako.

Ubaya wa Maskati ni usafiri. Mji umejinyoosha kando ya bahari, treni hakuna, na mabasi hayafiki kila mahali. Bora mkodi gari mchange watu watatu au wanne, mkikumbuka kwamba kule magari hupita kulia. Mkiwa na gari mtafika mji wa Nizwa kwa muda wa kama saa moja na nusu. Nendeni Ijumaa asubuhi na mapema, siku ya mnada wa mbuzi: wauzaji wanazunguka duara wakivuta wanyama na kutaja bei kwa sauti, mnunuzi anamshika mbuzi njiani, anamfungua mdomo kutazama meno, halafu anamwachia aendelee.

Angalia pia hesabu. Riyali moja ni kama dola 2.60, kwa hiyo kitu cha riyali 4 kinasikika rahisi kumbe umeshatoa zaidi ya dola 10.

2. Dubai

Kama una orodha ya vitu vya kununua, basi geuza mpangilio wangu: Dubai iwe ya kwanza. Lala mtaa wa Deira, karibu na eneo la Naif na soko la dhahabu. Metro, treni ya mjini, inapita uwanja wa ndege, kwenye majengo ya abiria ya 1 na 3, na unalipa kwa kadi ya Nol. Usile wala usinywe chochote ndani, utapigwa faini. Kuvuka hori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, kwa mashua ya abra ni dirhamu moja.

Kwenye dhahabu, bei ya gramu kwa siku hiyo inajulikana na haina mjadala. Bishania gharama ya ufundi, hapo ndipo penye nafasi. Tunza risiti pia, maana mtalii hurejeshewa sehemu ya kodi ya asilimia 5 katika maduka yaliyo kwenye mpango huo. Madai yafanyie uwanjani kabla hujakabidhi mabegi.

Mnara wa Burj Khalifa, mita 828, una tiketi za kupanda juu zenye bei tofauti kwa saa tofauti, na machweo ndiyo ghali. Wenye haraka na pesa kidogo wautazame kutoka chini.

Kwa miji yote miwili, nenda kati ya Novemba na Machi. Juni hadi Agosti joto hupita nyuzi 40 na utashinda ndani. Na usijaribu kuiunganisha kwa basi ndani ya siku nne: ni kama kilomita 450, kuna mpaka wa kuvuka, na kila nchi ina masharti yake ya viza.