Leontyne Price na "O patria mia": uzoefu wangu na Aida ya 1961

Nimeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa miaka kumi na minne, na muda wote nilijua noti ya juu hutolewa kwa nguvu. Halafu nikanunua Aida, opera (tamthilia inayoimbwa) ya Verdi, iliyorekodiwa Roma mwaka 1961, Georg Solti akiongoza okestra na mwimbaji Mmarekani Leontyne Price akiimba Aida. Ni CD za mtumba. Muuzaji aliahidi kijitabu cha maneno kimo, nikafungua boksi hakipo, ikabidi nitafute Kiitaliano chake mwenyewe.

Nimeganda kwenye wimbo mmoja, "O patria mia", wa sehemu ya tatu. Aida ni binti mfalme wa Ethiopia, mateka Misri. Usiku, kando ya Mto Nile, anamsubiri jemadari anayempenda, na ameshaamua: kama anakuja kumuaga tu, basi mto huo ndio kaburi lake. Obo, ala ya kupuliza, inatangulia, nyembamba, peke yake. Kisha anaimba mbingu za buluu na upepo mtamu wa kwao, asikorudi tena. "Patria" mimi naisikia "kwetu".

Karibu na mwisho sauti inapanda hadi do ya juu, ambayo Verdi ametaka iimbwe kwa utamu. Price haisukumi. Noti inafunguka laini, inaelea, halafu anashuka nayo taratibu. Nimerudia hapo mara nyingi mno, nikitafuta anavuta pumzi wapi. Huku chini sauti yake ina ukungu kidogo, juu inang'aa.

Alizaliwa Laurel, Mississippi, mwaka 1927, mama yake akiwa mkunga na mwanakwaya. Aida aliirekodi tena 1970, na ndiyo aliyoiagia jukwaa la opera la Metropolitan, New York, Januari 1985. Ile ya 1970 nayo nimeisikiliza. Sauti imekomaa, lakini wepesi wa 1961 ndio unaonishika.

Tumieni hedifoni, maana kwenye spika ya simu obo inapotea kabisa. Na punguzeni sauti kabla ya tarumbeta za sehemu ya pili, zinapasua masikio.

Jumatano mazoezini niliimba noti yetu ya juu ya wimbo wa komunyo bila kuisukuma. Mwalimu alisimamisha kinanda, akaniambia, "Hebu rudia hapo."