Sekunde tatu mikono juu: uzoefu wangu na kipimo cha GMFM

Mwanangu ana miaka 4, ana mtindio wa ubongo. Miaka miwili nzima nilimpeleka mazoezi kwenye kliniki moja ambako kila nikiuliza naambiwa "anaendelea vizuri, mama." Daftari lake limejaa maneno hayo hayo. Vizuri kutoka wapi, kufika wapi? Hakuna aliyenijibu, na nauli ya bajaji inakwenda kila wiki.

Mwaka huu nikahamia kwingine. Siku ya kwanza dada wa fiziotherapia hakuanza na mazoezi. Alimvua viatu, akamlaza kwenye godoro, akatoa fomu ya GMFM (Gross Motor Function Measure), kipimo cha miondoko mikubwa ya mwili kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Kipimo hiki kilitengenezwa Kanada, kina vitendo 88: kulala na kujigeuza, kukaa, kutambaa na kupiga magoti, kusimama, halafu kutembea, kukimbia na kuruka. Kila kitendo kina alama 0 hadi 3, na mtoto anaruhusiwa kujaribu mara tatu. Nilichokipenda ni kwamba kinamwonyesha alivyosogea yeye mwenyewe, bila habari za mtoto wa jirani.

Nieleze kitendo kimoja tu: kukaa chini sekunde tatu bila kujishikiza. Akiegemea mikono yote miwili anapata 1, mkono mmoja 2, mikono ikiwa huru 3. Mara ya kwanza wangu alipata 1, viganja vimekandamiza godoro. Baada ya miezi sita dada akamnyooshea gari la plastiki usawa wa kifua. Akainua mkono wa kulia. Halafu wa kushoto. Nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na bado amekaa! Nililia palepale.

Sehemu ya kukaa imepanda kutoka alama 21 hadi 30 kati ya 60. Kusimama hakujasogea, na nashukuru niliambiwa wazi.

Kinachosumbua ni muda, karibu saa nzima. Mara ya pili tulipangiwa saa nane mchana, akasinzia tulipofika kwenye kutambaa. Zile alama siziamini sana. Ombeni asubuhi. Tena hakipimi kushika kijiko wala kuongea.

Na nakala ya fomu ombeni mpewe. Kwenye yangu nimezungushia kalamu kitendo tunachokitafuta sasa: kugusa kitu kilichowekwa nyuma kidogo upande wa kulia, kisha kurudi alivyokuwa amekaa. Kila jioni akishakula namwekea gari lake hapo nyuma, namwambia, "Haya baba, lichukue."