Kubernetes The Hard Way: kuunda klasta kwa mkono, cheti kwa cheti

Mwongozo huu wa Kelsey Hightower umekuwa GitHub bure tangu 2016, na kazi yake ni moja tu: uunde klasta ya Kubernetes, yaani kundi la mashine zinazoendesha kontena za programu kwa pamoja, bila kisakinishi. Hakuna kubeadm, zana rasmi ya kusakinisha, wala skripti ya kukumalizia kazi. Unapakua programu moja moja, unatengeneza vyeti, unaandika faili za mipangilio, kisha unawasha. Anayesimamia klasta kazini bila kujua kinachopita nyuma ya amri ya kubeadm init atafaidika nao kuliko mafunzo mengi ya kulipia. Anayetaka tu kuweka programu yake hewani aende kwingine. Klasta hii ni ya kujifunzia.

Toleo la sasa linataka mashine nne za Debian 12: jumpbox (unayofanyia kazi) yenye kumbukumbu ya MB 512, kisha server (inayoongoza klasta), node-0 na node-1 (nodi zinazoendesha programu), kila moja GB 2. Jumla ni GB 6.5, kwa hiyo laptopu ya GB 8 itahema na ya GB 16 itatosha. Programu zinazopakuliwa zinapita MB 500. Kwa anayetegemea bando la simu hilo si dogo, lakini zinashuka mara moja kwenye jumpbox, kisha zinasambazwa kwa scp. Ukitumia VirtualBox, usiache mtandao wa NAT unaokuja nao: kila mashine itapata anwani ileile, 10.0.2.15, na hazitaonana. Chagua NAT Network au Bridged kabla hujagusa kitu kingine.

Uzito wa mwongozo uko sura ya 4 na ya 5, kwenye vyeti na kubeconfig, faili inayomwambia mteja aunganike na klasta ipi kwa cheti gani. Kubernetes haina orodha ya watumiaji wa kibinadamu wala wa mashine za klasta. Inakutambua kwa maandishi yaliyo ndani ya cheti. CN ndilo jina lako, O ndilo kundi lako. Cheti cha node-0 lazima kiwe na CN ya system:node:node-0 na O ya system:nodes. Ukiandika node-0 peke yake, kubelet, wakala wa kila nodi, itawaka, itafika kwa kube-apiserver, mlango wa amri zote za klasta, cheti kitakubaliwa, halafu nodi itakataliwa kujisajili na journalctl -u kubelet itajaa neno forbidden. Wengi hukimbilia kurekebisha jina lililo ndani ya kubeconfig. Jina lile ni lebo tu. Utambulisho unatoka kwenye cheti.

Kosa jingine linachelewa kujitokeza. Cheti cha kube-apiserver lazima kitaje 10.32.0.1, anwani ya kwanza ya safu ya huduma 10.32.0.0/24. Isipokuwemo, kubectl itafanya kazi vizuri kutoka nje, ila podi (kontena zinazoendeshwa pamoja) inayoongea na API kutoka ndani ya klasta itakikataa cheti hicho kwa kosa la x509. Hapa kuna dosari ya toleo jipya: ca.conf inakuja imeshaandikwa yote, na mwanafunzi anaweza kuipita bila kuisoma. Matoleo ya zamani yalikulazimisha kuandika ombi la kila cheti. Fidia hilo kwa kukagua kila kimoja:

openssl x509 -in node-0.crt -noout -subject -ext subjectAltName

Na kama vyeti vyote vinakataliwa kwa pamoja, tazama timedatectl kwanza. Mashine pepe iliyosimamishwa na kuamshwa huwa na saa iliyobaki nyuma, na cheti kinahesabiwa kuwa muda wake haujaanza.

Upande wa nodi, zima swap (diski inayotumika kama kumbukumbu) kwa swapoff -a na uiondoe kwenye /etc/fstab, isije ikarudi baada ya kuwasha upya. Mpangilio wa SystemdCgroup wa containerd, programu inayoendesha kontena, ukubaliane na cgroupDriver ya kubelet. Ukiruka faili ya kube-apiserver-to-kubelet.yaml, podi zitakimbia kama kawaida huku kubectl logs na kubectl exec zikijibu Forbidden, kwa sababu safari hii kube-apiserver ndiyo mteja na kubelet ndiyo inayoombwa ruhusa.

Sura ya 11 ni fupi lakini ina thamani. Njia za podi, 10.200.0.0/24 na 10.200.1.0/24, zinaongezwa kwa ip route add, na zinapotea mashine ikizimwa. Podi za nodi tofauti zikiacha kusikilizana asubuhi inayofuata, anzia hapo. Ndipo inapoeleweka kazi ambayo programu za mtandao kama Flannel au Calico hukufanyia kimyakimya.

Mapungufu yapo. etcd, hifadhidata ya klasta, ni moja, inasikiliza 127.0.0.1 bila TLS (usimbaji wa mawasiliano), kwa hiyo somo la jinsi etcd kadhaa zinavyokubaliana kwa kura halimo. DNS ya klasta haimo pia. Ongeza CoreDNS mwenyewe. Siri zinasimbwa ndani ya etcd, na hexdump inaonyesha k8s:enc:aescbc:v1:key1 mbele ya data, jambo zuri kuliona kwa macho, ila ufunguo unakaa kwenye encryption-config.yaml ndani ya server hiyohiyo. Mwenye diski ana vyote viwili.

Sura ya mwisho inakuambia ufute mashine. Usifute bado. Simamisha kube-scheduler, inayochagua nodi ya kila podi, unda podi, utaiona imekwama Pending. Iwashe tena, simamisha kube-controller-manager, inayohakikisha podi zilizoombwa zipo, kisha futa podi ya nginx: hakuna inayozaliwa mahali pake. Iwashe nayo ili nginx irudi, mwisho simamisha kube-apiserver yenyewe. kubectl haitaweza kufanya lolote, na nginx iliyopo kwenye nodi itaendelea kujibu curl.